Nani Anakutwika?

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa mgonjwa. Nilionyeshwa kitanda. Matroni, yaani mkuu wa wauguzi wote, alikuwa mama mrefu mwenye saa iliyobanwa kifuani, na aliponifikisha katika wodi ya wanaume alivuta shuka zote akazitupa kitini. "Tandika," akasema. Nikatandika. Akatazama, akazivuta tena. "Hii kona imelegea. Mgonjwa akijigeuza mara moja iko kwa sakafu. Tandika tena." Nilitandika mpaka jasho likanitoka, na hiyo ilikuwa Nyeri mwezi wa saba, wakati hata maji ya bomba yanauma meno.

Aliporidhika aliniuliza nilikotoka.

"Kieni, Matroni. Karibu na Chaka."

"Umebeba kuni?"

"Nimebeba."

"Na maji?"

"Tangu nikiwa mdogo."

"Basi mgongo uko nao. Njoo uinue huyu mzee, ameteleza kwa mito."

Nikamshika yule mzee chini ya makwapa nikampandisha peke yangu. Matroni akaguna kwa kuridhika, na mimi nikatembea kifua mbele siku nzima. Jina langu ni Wambui, lakini kuanzia siku hiyo niliitwa Sista, na hadi leo, nimestaafu na mvi zimenijaa, kuna watu sokoni wanaoniita hivyo. Nawaandikia ninyi wauguzi wadogo ambao vitanda vyenu vinapanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe. Hongera zenu. Lakini msidhani mambo yalikuwa hivyo tangu zamani, wala msidhani tulipewa tu kwa huruma.

Uuguzi wa wakati wetu ulikuwa kazi ya mikono na mgongo. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya muda, la sivyo ngozi ya makalio na visigino huoza ikawa vidonda vya kulalia, na vidonda hivyo vikishaingia ni kazi kuvitoa. Asubuhi anaoshwa, anabadilishiwa shuka bila kutoka kitandani, anahamishiwa kwenye toroli kwenda upasuaji, anarudishwa. Vitanda vilikuwa na mpini wa kuzungusha miguuni ili kichwa kiinuke, na nusu ya mipini hiyo ilikuwa imeng'oka. Kwa hiyo sisi wenyewe ndio tuliokuwa mipini.

Na tuliona fahari, hapo ndipo palipokuwa na shida. Mwanamke wa huku kwetu akisema mgongo unamuuma, wenzake humtazama hivi, kwa pembe ya jicho. Tulilelewa kwa mizigo. Aliyeinua mgonjwa peke yake alisifiwa chumba cha chai. Aliyeomba msaada aliulizwa kama amekuja kazini au kutembea. "Haiya, huyu ni wa kubebwa ama wa kubeba?" walikuwa wakisema, na watu wanacheka.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa zahanati moja upande wa Timau, kwenye upepo na mashamba ya ngano. Mkubwa wangu huko alikuwa Afisa wa Kliniki, yaani tabibu wa zahanati, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Huko nilipata vitu viwili. Cha kwanza ni mume. Kariuki alikuwa dereva wa tingatinga, akaja na kidole gumba kilichopondwa na mnyororo, na nilipokuwa nakisafisha akaniambia, "Sista, polepole, hiki ndicho cha kuvalia pete." Nikamwambia pete haivaliwi gumbani, mjinga wewe. Alirudi siku iliyofuata ilhali kidonda kilikuwa safi kabisa. Basi yakaisha hivyo.

Cha pili nilikipata katika shamba moja la maua lililokuwa likituletea wafanyakazi waliochomwa macho na dawa ya kupulizia. Afisa wa Kliniki alinituma kwenye kikao chao. Nilitarajia ugomvi. Nikakuta meza moja, upande huu meneja na msimamizi, upande ule wanawake wawili wa kukata maua na kijana wa kupulizia dawa, chai katikati. Mama mmoja alieleza jinsi miwani waliyopewa inavyojaa ukungu hata hawaoni makasi, ndiyo maana wanaivua. Meneja hakujua. Alidhani ni ukaidi tu. Akaichukua, akaivaa, akapuliza pumzi, akacheka mwenyewe. Kikao kilichofuata walikuwa na miwani nyingine. Nilirudi zahanati nikiwaza, kumbe mtu anaweza kuketi na mkubwa wake akamwambia panapouma, na dunia isiishe.

Niliporudi Nyeri, hospitali ileile, Matroni yuleyule, nilimkuta Wangechi. Alikuwa msaidizi wa wodi, mwajiriwa wa mkataba mfupi mfupi unaofanywa upya kila ukiisha. Aliishi chumba cha kupanga mtaa wa Majengo na watoto wake wawili. Mwili mkubwa, kicheko kikubwa, na mikono ambayo ningeazima hata leo. Walimwita Tingatinga. Mgonjwa mzito akikwama popote, sauti inasikika, "Muiteni Tingatinga!" naye anakuja akipangusa mikono, anainua, anakwenda zake. Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Mume wangu nilipomtajia jina hilo alisema nimpeleke Timau akalime.

Asubuhi moja mzee mmoja mnene aliteleza bafuni. Wangechi akamwinua kutoka sakafuni akiwa amejipinda mlangoni, peke yake, kama kawaida. Aliendelea kutandika vitanda. Lakini kuanzia siku hiyo kicheko kilipungua, kisha kikaisha. Nikamwona anaokota kalamu kwa kupiga magoti kama yuko kanisani. Nikamuuliza, akasema ni baridi.

Nilimgundua chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa amesimama ukutani, viatu mkononi, anajaribu kuvivaa bila kuinama, machozi yanamtiririka bila sauti. Nikaenda kumsaidia, na nilipomshika kiuno nikagusa kitu kigumu chini ya sare. Nikafungua vifungo. Ngai! Alikuwa amejifunga ukanda wa ngozi, ule mama zetu wanaopitisha kwenye paji la uso wakibeba kuni. Ulikuwa wa mama yake. Ameuzungusha kiunoni na kuukaza mpaka ngozi imechubuka.

"Wangechi, hii ni nini?"

"Bila hiyo sisimami, Sista."

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya bafuni. Mguu wa kushoto nausikia ukichomwa na moto mpaka kwa vidole. Usiniseme, tafadhali. Mkataba unaisha mwezi huu. Wakijua niko na mgongo mbovu, unga umemwagika. Hao watoto nitawapeleka wapi?"

Mguu kuchomwa hivyo maana yake diski, kile kijimto kati ya mifupa ya uti, kimetoka mahali pake kinabana mshipa wa fahamu. Akiendelea kuinua angeweza kupooza. Akisema, angefukuzwa. Nilimvisha viatu, nikavifunga kamba, nikamfungua ukanda. Kisha nikamkumbatia polepole nikiogopa hata kumbana. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baadaye.

Wakati huo wenzangu walikuwa wamenichagua niwe mwakilishi wao, yule anayepeleka maneno ya wafanyakazi kwa wakubwa. Nilimwomba Wangechi ruhusa ya kusema. Alikataa. Nikamwomba tena kesho yake, akasema, "Ukisema, mimi nitakuwa hapo. Sitaki kusemewa kama maiti."

Tukaenda kwa Katibu wa hospitali, mkuu wa mambo yote yasiyo ya dawa: mikataba, mishahara, mabati na milango. Matroni alikuwa naye. Kikao hicho kilienda mrama kabla hata hatujakaa.

"Nani alimtuma abebe peke yake?" akauliza Katibu.

"Hakuna aliyemtuma. Na hakuna aliyemkataza," nikasema.

"Sasa hospitali imlipie ujeuri wake?"

Nikapandisha sauti, naye akapandisha yake. Matroni akagonga meza. Tulitoka bila kupewa hata jibu. Jioni hiyo wafanyakazi wakajaa chumba cha chai wakitaka mgomo, na walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini nilijua tukigoma, wa kwanza kutolewa ni Wangechi, ambaye mkataba wake ulikuwa unakwisha wenyewe. Nikawaeleza habari ya ile miwani ya Timau. Wengine wakanicheka, ati nataka kumpa Katibu chai ndiyo awe mtu. Nikawaambia ndiyo, hivyo hasa. Nipeni kikao kimoja tu, hapa kwenye meza yetu, si ofisini kwake.

Alikuja. Sijui Matroni alimwambia nini, maana yeye ndiye aliyemleta, akatembea mbele yake kama anayempeleka mtoto kliniki. Tulikaa mkao ule wa shamba la maua, chai na mkate katikati, wasafishaji na watu wa dobi pia wakiwepo. Wangechi hakuweza kuketi. Alisimama amebandika mgongo ukutani, uso umempauka.

Katibu alimtazama, akatazama kikombe. "Mimi si mtu mbaya," akasema. "Lakini nashindwa kuelewa. Mama yangu alibeba kuni kutoka msituni mpaka akazeeka. Mzigo mkubwa kumshinda yeye. Sikumsikia akilia mgongo. Nyinyi mnashindwa na mgonjwa kwa kitanda?"

Watu wakaguna. Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Badala yake nikajikuta nauliza jambo dogo.

"Bwana Katibu, na nani alikuwa anamtwika?"

Akaweka kikombe chini. Msiojua kubeba kuni niwaeleze. Mzigo ukishafungwa, huwezi kuunyanyua ukasimama nao peke yako. Unauegemeza kwenye ukingo wa njia, unaketi mbele yake, unapitisha ukanda kwenye paji. Kisha mwingine anakushika mikono anakuvuta, au anausukuma kutoka nyuma, mpaka unasimama. Huko ndiko kutwikana. Hakuna mwanamke wa huku aliyejitwika mzigo mzima, na hakuna anayempita mwenzake aliyeketi kando ya njia bila kumtwika, hata kama wamekosana.

"Alikuwa anangoja," Katibu akasema. Sauti ilikuwa nyingine. "Anaketi pale kwa ukingo, anangoja mtu apite. Siku moja mvua ilikuwa inanyesha, niko na yeye, mimi mdogo. Nikamshika mikono nikavuta. Nikavuta mpaka nikaanguka kwa matope. Akacheka. Akaniambia, 'Wacha, mtoto wangu. Tungoje mtu.' Tukangoja. Mvua yote ikatuishia."

Wangechi akasema kutoka ukutani, kwa upole kabisa, "Mimi hakuna mtu alipita, Bwana Katibu."

Yule baba alitoa leso akajifanya anapangusa miwani. Matroni hakujifanya kitu, alilia mbele yetu, mama yule wa kona za shuka, akasema, "Ni mimi nilikuwa nawauliza kama wamebeba kuni. Kila mmoja nilimuuliza. Hili swali lingine sikuwahi kuuliza." Nilisogea nikamshika mkono, na tangu siku hiyo tulikuwa marafiki mpaka alipotutoka.

Msidhani tulimaliza siku hiyo. Kulia ni jambo moja, kukubaliana ni lingine. Tulikaa vikao vingi, na vingine vilikuwa vya kelele. Watu wa dobi walitaka tuzungumzie sindano zinazosahaulika ndani ya shuka na kuwachoma, na walikuwa na haki; ndipo visanduku vya sindano vikawekwa karibu na kila kitanda badala ya kimoja mwisho wa wodi. Daktari mmoja mkubwa alisema hakusomea kubeba watu. Fundi akapewa kazi ya kurudisha mipini yote ya vitanda. Tukashona shuka za kuvutia, nusu shuka ngumu inayolazwa chini ya mgongo na nyonga, ili wawili wavute kitambaa badala ya mmoja kuvuta mtu. Na tukakubaliana, mwajiri na mwajiriwa, kwamba mtu akiumia aseme siku hiyohiyo, atibiwe, na swali la kwanza lisiwe nani alimtuma. Vitufe vyenu vilikuja baadaye sana, kupitia meza hiyohiyo.

Lakini lililodumu kuliko yote lilitoka kwa wauguzi wenyewe. Hakuna tena kuinua mgonjwa peke yako. Unasimama kando ya kitanda unaita, "Nitwike!" Aliyesikia anakuja, awe nani. Wiki ya kwanza tuliona haya, tunaita kwa sauti ya chini kama wezi. Aliyeitikia kwanza alikuwa Matroni. Alitoka ofisini na saa yake kifuani, akashika upande wa pili wa shuka, akasema, "Haya, moja, mbili, sasa." Baada ya hapo nani angekataa? Hata yule daktari mkubwa alikuja mwishowe, akinung'unika njia nzima.

Wangechi alilazwa, katika wodi ileile aliyokuwa akiitandika. Nilimwosha mimi mwenyewe. Alipona, ingawa si kabisa; mguu wa kushoto haukurudi sawasawa na hakuruhusiwa kuinua kitu kizito tena maishani. Mkataba wake mpya Katibu aliutia sahihi Wangechi akiwa bado kitandani, na kazi yake mpya ikawa kufundisha waajiriwa wapya: mguu mmoja mbele, magoti yakunjwe, mgonjwa karibu na kifua chako, na usiguse mpaka umeita. Ule ukanda wa mama yake aliutundika kwenye msumari chumba cha kubadilishia nguo. Kila mgeni akiuliza ni wa nini, anaelezwa. Kicheko kilirudi chote.

Nilistaafu nikaagwa vizuri, nikapewa blanketi na maneno mengi. Nikarudi Chaka kwa Kariuki. Tulikuwa tumepanga kupanda vitunguu na kugombana polepole tukizeeka. Tulipata muda kidogo. Kisha kiharusi kikampiga, upande wa kulia wote ukafa, na dereva wangu wa tingatinga akawa mtu wa kugeuzwa.

Nilimgeuza. Nilimwosha, nikamketisha, nikamrudisha, asubuhi na jioni. Watoto wetu wako mbali na kazi zao, nami nikajiambia, mimi ni muuguzi, nitamwomba nani? Hana kidonda hata kimoja, nawaambieni kwa fahari. Yeye huongea kwa nusu mdomo, lakini utani haukupooza.

Juzi, Jumapili, Wangechi alikuja kunitembelea na mkate na sukari. Tuliongea sana. Niliposimama kwenda kuchota chai nikashika kiuno, kidogo tu, kabla ya kunyooka. Nilipogeuka alikuwa ananitazama, na macho yake yamejaa.

"Sista," akasema, "nani anakutwika?"

Nilikasirika. Nikamwambia asinifundishe kazi mimi niliyemfundisha. Alikaa tu ananitazama kwa upendo mpaka hasira ikaniisha nikakaa chini nikalia, mwanamke mzima, na chai ikachemka ikamwagika jikoni. Nilikuwa nimechoka. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba nimechoka, hata Mungu.

"Mimi siwezi kuinua, unajua," akasema Wangechi. "Lakini hiyo fensi si ya mawe. Kuna mtu upande ule."

Upande ule yuko Mama Njoki, jirani aliyehamia mwaka huu, ambaye tumekuwa tukisalimiana tu. Ilikuwa saa ya kumgeuza Kariuki. Nikatoka uani nikasimama karibu na fensi, nikajiona mjinga. Miaka yote ile wodini niliita bila shida, lakini kumbe nyumbani kwako ni vigumu.

"Nitwike!"

Nilidhani hakusikia. Kisha majani ya fensi yakatikisika, Mama Njoki akajipenyeza, mikono imejaa udongo wa viazi, anakuja mbio akiangalia huku na huku chini.

"Woi, nimekuja! Kuni ziko wapi? Mzigo uko wapi?"

Dirisha lilikuwa wazi, na kutoka ndani ikaja sauti ya Kariuki, nzito, ya nusu mdomo.

"Mzigo ni mimi. Ingia, mama."

Wangechi alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Njoki akanawa mikono, akasimama upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili, nikamwonyesha pa kushika shuka. Nikahesabu moja, mbili, sasa. Na kwa mara ya kwanza tangu augue, mume wangu alikuwa mwepesi.